Barua kwa Mwanangu: Utii na Uasi wa William wa Ockham

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama William wa Ockham, mnayemsoma chuoni kwa ajili ya ule “wembe” wake, alikuwa mwamini wa kweli au mwasi aliyevaa kanzu ya kitawa. Mimi naona alikuwa mtii, na utii huo ndio uliomfikisha kwenye uasi.

Alizaliwa Uingereza karibu na mwaka 1287, akajiunga angali kijana na Wafransisko, watawa walioapa kutomiliki chochote, kisha akasoma na kufundisha teolojia Oxford. Kuhusu wembe, yaani kanuni ya kukata yasiyo ya lazima katika maelezo, sitakuchosha: kauli inayonukuliwa kila mahali, kwamba vitu visiongezwe pasipo haja, haimo katika maandishi yake kwa maneno yale, ingawa aliandika kweli kwamba ni bure kutumia vingi pale ambapo vichache vinatosha.

Mwaka 1324 aliitwa Avignon, yalikokuwa makao ya Papa, ili mafundisho yake yachunguzwe. Akiwa huko, mkuu wake alimwagiza asome hati za Papa Yohane XXII kuhusu ufukara, naye, kama alivyowaandikia ndugu zake wa shirika mwaka 1334, hakuwa amezigusa kabla ya hapo kwa kuwa hakutaka kuamini upesi kwamba mwenye cheo kile angeweza kupotoka. Papa alikuwa ametamka kwamba kushikilia kuwa Kristo na mitume hawakumiliki kitu ni uzushi. Tena alidai kwamba katika vitu vinavyokwisha kwa kutumiwa, kama chakula, matumizi hayatengani na umiliki. Ockham alijibu, kwa hoja ninayoiona kuwa bora kuliko wembe wenyewe, kwamba Mfransisko hula kwa ruhusa tu, ruhusa ambayo mwenye mali anaweza kuiondoa wakati wowote, na ambayo haimpi mlaji haki ya kwenda kudai mahakamani.

Usiku wa Mei 26, 1328 alitoroka Avignon pamoja na mkuu wa shirika zima, Michael wa Cesena, wakakimbilia kwa Louis wa Bavaria, mtawala wa Ujerumani aliyekuwa na ugomvi na Papa. Alitengwa na Kanisa, akaishi Munich hadi alipofariki mwaka 1347, akiandika kuhusu mipaka ya mamlaka ya Papa, jambo ambalo, sidhani nakosea, asingeligusa kamwe kama angeachwa na mantiki yake Oxford.

Ukipata nafasi, anza na barua ile ya 1334 kabla ya kitabu chake kikubwa cha mantiki.

Ni mimi baba yako.