Swali: Niko ugenini nasomesha dini na usiku nalilia nyumbani, je imani yangu dhaifu?

SWALI: Assalaam alaykum shehe wangu. Mimi kijana wa Makorora hapo Tanga, miaka 22, taasisi moja ya daawa, yaani ya kulingania dini, imenileta Malawi nisalishe na kusomesha watoto kijiji kimoja upande wa Mangochi, mkataba miaka miwili, sa hivi niko wiki ya tisa. Shehe, usiku nalia. Kichewa nababaisha, Kiyao ndo kabisa, watoto wananicheka, chakula kila siku nsima, ugali wao. Mamangu ana presha, akinitumia voisi nasikia anavyohema. Amiri wetu, yaani kiongozi wetu, kaniambia kukumbuka nyumbani ni udhaifu wa imani, simu za mama zinaharibu ikhlasi, usafi wa nia, na anayerudi kabla ya muda ni kama aliyekimbia vita. Je nina dhambi? Na naruhusiwa kurudi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh mwanangu. Nimelisoma swali lako baada ya Alfajiri na usingizi haukurudi tena, mana hilo neno la kukimbia vita sio leo nalisikia, vijana wetu kadhaa wameshaambiwa hivyo hivyo, na mmoja aliporudi alikuwa anaona haya hata kuja kusali jamaa msikitini, anasali chumbani kama mwizi. Kwa hiyo ntajibu kirefu, unisamehe.

Dhambi huna. Hilo lishike kwanza.

Malik bin Huwayrith radhi za Allah ziwe juu yake anasimulia, na hadithi iko kwa Bukhari, kwamba walikuja kwa Mtume swalla Allahu alayhi wasallam wakiwa vijana wa rika moja, wakakaa kwake siku ishirini, na Mtume alikuwa mpole mwenye huruma, alipoona wameshawatamani watu wao akawauliza wamemwacha nani nyumbani, wakamwambia, akasema rudini kwa watu wenu mkawafundishe. Sasa tazama hapo mwanangu. Hawakuomba ruhusa wala hawakulalamika, yeye mwenyewe ndo aliwasoma usoni. Siku ishirini tu, tena wako mbele ya Mtume, ambaye hakuna mwalimu kama yeye, na hakuwaambia imani zenu dhaifu, aliwauliza habari za nyumbani. Wewe una wiki tisa na uko peke yako.

Alafu kuna Bilal. Walipohamia Madina homa ikampiga yeye na Sayyidna Abubakar, mama Aisha anasimulia kwamba homa ikimwachia Bilal alikuwa anapaza sauti kwa mashairi, laiti ningejua kama ntalala tena usiku mmoja kwenye bonde lile nimezungukwa na idhkhir na jalil. Hayo ni majani, mwanangu, majani yanayoota Makka! Na huyu ndo yule aliyewekewa jiwe kifuani juani huko huko Makka akawa anasema Ahad, Ahad. Mji uliomtesa namna ile na bado anayalilia majani yake. Nani atasimama mbele ya Bilal amwambie imani yako dhaifu? Mtume alipoambiwa hali zao aliomba dua, Ewe Mola tupendezeshee Madina kama tunavyoipenda Makka au zaidi. Dua hiyo ichukue, iseme kila usiku na utaje kijiji chako.

Sasa hili la vita. Aya anayoitegemea amiri iko Suratul Anfal, ya 15 na 16, na inasema mkikutana na waliokufuru vitani msiwape mgongo. Nauliza, hapo Mangochi adui ni nani? Wale watoto wanaokuja na ubao wa alif be te? Au yule mzee anayekufungulia msikiti? Ukishakifanya kijiji kuwa uwanja wa vita umeshawafanya watu wake kuwa maadui, na mwalimu anayewaona watu hivyo hawezi kuwafundisha kitu. Mtume alipowatuma Muadh na Abu Musa Yemen, ugenini kama wewe, aliwaambia rahisisheni wala msifanye uzito, bashirieni wala msikimbize watu. Na hata kwenye vita vyenyewe, alikuja mtu anataka kwenda jihadi, Mtume akamuuliza wazazi wako hai? Akasema ndio. Akaambiwa basi fanya jihadi kwao. Mwingine alikuja kutoa ahadi ya hijra akasema nimewaacha wazazi wangu wanalia, akaambiwa rudi kwao ukawachekeshe kama ulivyowaliza, kaipokea Abu Daud. Basi mtu akuambie simu ya mama inaharibu ikhlasi kwa dalili gani? Ikhlasi ni kumkusudia Allah peke yake, na kumfanyia mama wema ni katika ibada kubwa za kumkusudia Allah. Kumpigia mama sio riya, sio kujionyesha kwa watu.

Amiri wako simtukani. Najua walimu ni wachache na anaogopa akimruhusu mmoja wataondoka wote, hofu hiyo naielewa kabisa, ila hofu ya mtu isivalishwe aya. Akikwambia nakuhitaji, baki, nitakubaliana nae. Akikwambia Allah amekuhukumu, hapo sikubali.

Na kurudi je? Mkataba ni ahadi, na Allah anasema timizeni ahadi, kwa hiyo usiamke usiku ukadandia basi la Lilongwe bila kuaga. Nabii Yunus aliondoka kwa watu wake kabla hajapewa idhini na kisa chake unakijua. Omba ruhusa kwa maandishi, sema sababu. Sasa nikuulize, mamako yuko na nani? Kama dada zako wapo na dawa zake anameza, basi baki, omba likizo ukamwone, mana Mtume amesema safari ni kipande cha adhabu, inamnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Lakini kama yuko peke yake na hakuna wa kumpeleka hospitali, rudi mwanangu, na wasikulaumu. Kusomesha kijiji ni fardhi kifaya, yaani akiifanya mmoja wengine wamesamehewa, taasisi ikitaka italeta kijana mwingine, mamako hawezi kuletewa wewe mwingine.

Nikwambie na langu. Mimi nilipelekwa kaskazini ya Msumbiji nikiwa na miaka 24, kwa Wamakua, Kiswahili changu hakinifai kitu na Kireno sijui hata neno. Wiki ya tano malaria ikaniangusha. Kulikuwa na bibi mmoja akawa ananiletea uji wa muhogo kwenye bakuli la bati, ukingo wake umebanduka rangi, anakaa mlangoni hasemi kitu, mana tungesema lugha gani, anangoja nimalize ndo anaondoka na bakuli lake. Neno letu lilikuwa moja tu, salama, asubuhi salama jioni salama. Nilipopona nikamfuata shambani nikapalilia nae muhogo, na watu wa kile kijiji walianza kuja darasani kuanzia siku ile, wala sio kwa khutba yangu hata moja. Wazee walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje kupewa, liombe.

Watoto wakikucheka wape kazi ya kukufundisha, kila siku maneno matano, wewe uwape herufi tano. Kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake, soma Suratu Ibrahim aya ya 4. Lala kwenye chandarua. Na huko utakuta wanaosindikiza jeneza kwa dhikri na wengine wanaitwa Sukuti wanasindikiza kimya, mvutano wao ni wa zamani, wamezikana nao kabla hujazaliwa, basi usijitie humo, wiki ya tisa huna haki ya kuwahukumu. Ukialikwa maziko, nenda ukachimbe kaburi pamoja nao.

Na leo ukimaliza Isha mpigie mama, umsikilize hata kama anahema. Kumbuka huku tuko mbele ya Malawi saa moja, usimchelewe akalala.

Wallahu aalam.