Mimi ningesimama kwenye 41

Mleta mada ameuliza: ukiruhusiwa kuchagua umri mmoja, ufike hapo usizeeke tena milele, utachagua upi? Naona wengi mmejibu 21 na 25. Mimi nina miaka 56, ni fundi cherehani, na hiyo 25 nimeipitia. Siitaki. Nachagua 41.

Nilipokuwa na 25 nilikanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka usiku na mgongo hausemi kitu. Lakini mteja akiingia ananiuliza, "Binti, fundi mwenyewe yuko wapi?" Fundi ni mimi! Najua mtasema kinachosimama ni mwili, ujuzi unaendelea kuongezeka. Ni kweli, ila watu wanakupokea kwa sura unayowaonyesha. Ukibaki na uso wa binti utaitwa binti hata ukishona miaka mia, na kila mteja mpya utaanza naye upya kumthibitishia kwamba unajua kukata.

Halafu hata huo mwili, si kila kitu chake kinakomaa siku moja. Filbert Bayi wetu alikuwa na miaka 20 tu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Eliud Kipchoge alikuwa na 37 alipokimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Kasi ina umri wake, na ustahimilivu una wake. Mifupa nayo inafikia uimara wake wa juu karibu na miaka 30, na sisi wanawake hedhi ikikoma inapungua haraka. Hilo nimeliona kwa mama yangu, aliteleza uani tu, kiganja kikavunjika.

Kwangu mimi mpaka uliwekwa na macho. Nilikuwa na 44, nashona sare za shule, nikashangaa tundu la sindano halionekani. Nikaisogeza sindano mbali, nikainyanyua kwenye mwanga wa mlango, nikalamba uzi, wapi. Mtaalamu wa macho akanieleza kwamba lenzi ya jicho inakakamaa kidogo kidogo, na wengi wanaanza kulihisi hilo wakishavuka 40. Nikapewa miwani, kazi ikaendelea. Ila siku ile nilikaa muda mrefu na ile sindano mkononi.

Sasa kwa nini 41 hasa? Mwaka ule wateja walikuwa wananiita fundi, bila kuuliza mwenyewe yuko wapi. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, ananiita mama kutoka mwisho wa barabara akitoka shule. Na mama yangu alikuwa hai. Alikuwa anakuja kibandani mchana, anakaa kwenye kigoda, anapima vitambaa vyangu kwa dhiraa, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kisha ananiambia futi yangu inadanganya. Na kabla ya kuondoka lazima aulize, "Mwanangu, umekula?"

Alifariki nikiwa na 47. Kuna wanaonishinda umri bado, wananiita dada, wananiita mama fulani. Lakini hakuna tena anayeniita mwanangu kwa ile sauti. Nyie mnaochagua 25 mnahesabu nguvu za mwili. Mimi nahesabu nani yuko juu yangu na nani yuko chini yangu, na kwenye 41 pande zote mbili zilikuwa zimejaa.

Kuna jambo moja mleta mada hakulisema: ninasimama peke yangu au tunasimama wote? Maana nikisimama peke yangu, mama angeondoka vilevile, na huyu binti, ambaye sasa ana 24, angenifikia, akanipita, akazeeka mbele ya macho yangu, mwishowe nimzike mimi. Hapana. Hilo silikubali hata nikirudishiwa macho yangu yote.

Kwa hiyo 41, kama tunasimama nyumba nzima. Kama ni mimi tu, niacheni na 56 yangu. Mwezi wa nane naingia 57, na gauni la siku hiyo sishoni mimi, anashona binti yangu. Juzi kanichukua vipimo. Kiuno kimeongezeka inchi mbili, kaandika bila kusema neno.