Kwa nini sindano za kupima joto wakati wa kugandisha tezi dume?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini daktari atamwekea mzee sindano za kupima joto wakati wa kugandisha saratani ya tezi dume, ilhali ultrasaundi huonyesha barafu. Swali lako ni la msingi kabisa. Ultrasaundi huonyesha vizuri ukingo wa barafu ulio karibu na kifaa chake kilichowekwa kwenye puru, lakini nyuma yake huwa kivuli kitupu. Tena ukingo huo una nyuzi 0 hivi za Selsiasi, baridi isiyotosha kuua seli za saratani kwa uhakika. Ndiyo maana madaktari hulenga takribani nyuzi -40 ndani ya uvimbe, wakigandisha na kuyeyusha mara mbili, na ni sindano hizo pekee zinazowathibitishia kwamba kiwango kimefikiwa. Sindano nyingine hukaa karibu na ukuta wa puru na msuli unaozuia mkojo, ili gesi ya kupoza, ile inayotengeneza barafu, ifungwe kabla ya baridi kufika huko. Mwulizeni daktari zitawekwa wapi, na kama mrija wa kupasha joto njia ya mkojo utatumika. Mimi nisingekubali upasuaji kabla ya kujibiwa hayo.