Kikohozi cha vumbi la marobota: je, pampu ni ya maisha?

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mama wa miaka 38, nauza mitumba Owino, hapa Kampala. Tangu Desemba nakohoa, zaidi usiku na pale ninapofungua robota asubuhi. Makohozi ni meupe, yanavutika, homa sina. Nimemaliza dozi tatu za antibiotiki, na chupa za dawa ya kikohozi sizihesabu tena. Nilipokwenda kwetu Arua wiki mbili kwa ajili ya Idi, kikohozi kilitulia chenyewe. Niliporudi, siku ya tatu kikaanza upya. Sasa kliniki moja imeniambia nina "bronkaitisi ya aleji" na kunipa pampu mbili za kuvuta dawa kwa mdomo, ya bluu na ya kahawia. Jirani zangu sokoni wanasema ukizoea pampu huiachi mpaka kufa, kwa hiyo natumia ya bluu tu, kifua kikibana. Nifanyeje? Na je, itanibidi niache biashara?

JIBU: Dada yangu, salaam. Katika barua yako yote, habari ya Arua ndiyo iliyonishika. Kama kifua chako kingekuwa na bakteria, wangepanda basi pamoja nawe na Idi ungeila nao. Kikohozi kinachokuacha ukitoka mahali fulani na kukupokea ukirudi kinatuambia kuwa kuna kitu mahali pale ambacho mapafu yako hayakipatani nacho.

Hata hivyo, kabla ya pampu yoyote, nakuuliza: umepimwa makohozi? Hapa Uganda kikohozi kikizidi wiki mbili tunapima kifua kikuu kwanza, hata kama mgonjwa hana homa wala hajakonda. Katika vituo vya afya vya serikali kipimo hicho ni bure, na mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Wewe una miezi, si wiki. Nenda wiki hii. Na kama unatumia dawa ya presha, mwambie daktari jina lake, kwa sababu enalapril, captopril na ndugu zao huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu.

Tuseme kifua kikuu hakipo. Bronkaitisi maana yake ni kuvimba kwa mirija inayopeleka hewa mapafuni. Ile ya kawaida huletwa na virusi vya mafua, na kikohozi chake huchukua wiki mbili hadi tatu kikaisha. Ndiyo maana antibiotiki, ambazo kazi yake ni kuua bakteria, mara nyingi hazisaidii hata hapo, sembuse kwako. Aleji ni jambo jingine. Robota limebanwa kwa miezi. Ukilikata kamba linatoa nyuzi, kuvu na kinyesi cha utitiri wa vumbi, kijidudu kisichoonekana kwa macho. Mwili wako umekosea ukakiona kitu hicho kama adui. Seli zilizo kwenye kuta za mirija zinamwaga histamini na kemikali nyingine, ukuta unavimba, ute unaongezeka, na misuli inayoizunguka mirija inabana. Usiku hali huwa mbaya zaidi.

Hapa niseme wazi: "bronkaitisi ya aleji" ni jina tunaloandika haraka wakati foleni ni ndefu. Mara nyingi kilicho nyuma yake ni pumu, ambayo kwa watu wengine hujitokeza kama kikohozi tu, bila mluzi kifuani. Jina hilo linatisha watu, na wengi wanaona lufuba, kama Waganda wanavyoiita, ni ugonjwa wa watoto. Kuna pia aina ya bronkaitisi ambayo mirija imevimba kwa aleji lakini haibani. Hospitali kubwa kama Mulago zina kipimo cha kupuliza kinachosaidia kuzitenganisha: unapuliza, unapewa dawa ya kufungua mirija, unapuliza tena, na tofauti inapimwa. Habari njema ni kwamba aina zote mbili hutibiwa kwa pampu ileile unayoiogopa.

Pampu ya bluu kwa kawaida ni salbutamol. Inalegeza misuli kwa dakika chache na athari yake huisha baada ya saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi. Ya kahawia kwa kawaida ni steroidi kama beclomethasone (soma jina kwenye kopo, rangi hubadilika kwa kampuni). Hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe. Wewe umeshika ndoo ya kuzimia moto na kumwacha mwenye kiberiti ndani ya nyumba. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake, na anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa ghafla.

Kuhusu kuzoea: hapana, steroidi ya kuvuta haina ulevi. Kikohozi hurudi ukiacha mapema kwa sababu vumbi bado lipo. Dozi yake huhesabiwa kwa mikrogramu na huenda moja kwa moja kwenye mirija. Ninachokiogopa mimi ni zile sindano za dexamethasone, nayo ni steroidi, zinazochomwa kila kikohozi kikirudi: zinapandisha sukari, zinadhoofisha mifupa, na zinaweza kuficha kifua kikuu. Tumia ya kahawia asubuhi na jioni kama ulivyoandikiwa, hata siku usiyokohoa. Nafuu inaanza baada ya wiki moja au mbili. Ipe miezi miwili kabla hujailaumu. Daktari ataipunguza taratibu ukitulia.

Lakini wengi huipulizia ulimini. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, toboa kitakoni tundu linalolingana na mdomo wa pampu, uichomeke humo. Tikisa pampu, toa pumzi, weka mdomo wa chupa kinywani, bonyeza mara moja, vuta polepole, shikilia pumzi hadi kumi. Subiri nusu dakika kabla ya mpulizo wa pili. Madaktari wa Cape Town waliijaribu chupa ya namna hii kwa watoto wenye pumu, wakachapisha mwaka 1999 kwamba ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Ukimaliza ya kahawia, sukutua na uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni.

Biashara usiiache bado. Fungua robota nje penye upepo, upepo ukiwa mgongoni kwako, umevaa barakoa inayobana pua, au mlipe kijana alikung'ute wewe ukiwa mbali. Nyumbani, fua shuka kwa maji ya moto kila wiki, na usilale chumba kimoja na mzigo wa nguo. Sigiri, yaani jiko la mkaa, ipikie nje. Ile dawa ya mbu ya kuchoma iache kabisa: utafiti mmoja wa 2003 ulikuta koili moja hutoa chembechembe za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Neti yenye dawa inatosha. Cetirizine, dawa ya aleji, itakusaidia kama pua inawasha na kutiririka, kifuani si sana.

Ukitema damu, ukikonda au ukitokwa jasho jingi usiku, rudi hospitali hata kama makohozi yalishapimwa. Na siku ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, usingoje kupambazuke. Vuta ya bluu kwa chupa, mipulizo minne hadi kumi, mmoja mmoja, urudie kila dakika 20 mkiwa njiani. Mwenye boda asikuache mlangoni. Akuingize hadi kwa muuguzi.