Uliza Ujibiwe: Kumbe Zanzibar walikuwa na TV ya rangi kabla ya wote?

Toleo lililopita tuliweka picha ya Karume House pale Mnazi Mmoja, Unguja, jengo la TVZ (Televisheni Zanzibar), na chini yake tukaandika mstari mmoja tu kwamba hiyo ndo stesheni ya kwanza ya TV ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Mstari huo umetuletea meseji nyingi kuliko hata ukurasa wa mapenzi, wengine wanabisha, wengine wanauliza, kuna mmoja ametutukana (tumekusamehe). Kwa hiyo safu ya leo yote ni TV.

Mhariri habari za kazi. Mi nabisha. Kisiwa kidogo vile kiwe na TV ya rangi kabla ya Nairobi na kabla ya Makaburu, hela walitoa wapi? Au ni sifa zao tu Wazanzibari? – Msomaji, Temeke

Salama ndugu yangu. Kubisha ruksa ila tarehe hazikusaidii. TVZ ilianza kurusha 1973/74, kipindi Mapinduzi yanatimiza miaka 10. Kenya walikuwa na TV tangu 1962 na Uganda tangu 1963, kweli, lakini zote picha nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini na dhahabu yao yote TV wameanza kurusha Januari 1976, sababu wakubwa wa kule waliiogopa miaka na miaka, alikuwepo waziri wao anaitwa Albert Hertzog huyo hakutaka hata kuisikia. Sisi Bara ndo usiseme, 1994!

Sasa hela. Hela ni karafuu. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, wao wanaichanganya na tumbaku kwenye sigara zao za kretek, na mwanzoni mwa miaka ya 70 bei ilikuwa nzuri. Mkulima hakuwa na ruhusa ya kumuuzia anayemtaka, anapeleka serikalini anapewa bei ya serikali, halafu serikali inauza nje kwa bei ya dunia na ile tofauti inabaki hazina. Maghorofa ya Michenzani ni ya enzi hizo hizo na kamera za TVZ pia. Mpango ulianza wakati wa Mzee Karume, akauawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972 kabla hajaona picha hata moja, aliyekuja kuikamilisha ni Mzee Aboud Jumbe.

Ila mi huwa siisifii hivi hivi tu. Miaka hiyo hiyo mtu wa Unguja alikuwa anapanga foleni ya mchele wa mgao, na karafuu nyingi inatoka Pemba, yaani mchumaji aliyekuwa juu ya mkarafuu kule Wete ndo aliyelipia ile TV na nyumbani kwake seti hana, akitaka kuona aende kwa mwenye nayo. Hilo mbona kwenye hotuba halisemwi.

Halafu kuna jambo la kibiashara tu. Ukianza 1962 unanunua mitambo ya 1962. Ukianza 1973 huna mitambo ya zamani ya kubadilisha, huna watazamaji wenye seti za zamani watakaolalamika, unanunua ya rangi moja kwa moja. Kwa hiyo ndio, sifa zipo, lakini na mahesabu yalikuwepo.

Shikamoo mhariri. Babu yangu yupo Bagamoyo, anasema miaka ya 80 walikuwa wanaenda kuangalia TVZ kwa mzee mmoja mwenye antena ndefu, lakini anaapa kabisa picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Sasa hapo mwongo nani? – Mjukuu wa Bagamoyo

Marahaba mwanangu. Mwongo hayupo. Mfumo wa rangi waliotumia TVZ unaitwa PAL, na waliouunda walihakikisha kwamba seti ya zamani isiyo na rangi iweze kuupokea bila shida, inachukua ile sehemu ya mwanga na giza, habari za rangi inaachana nazo. Stesheni inarusha rangi, seti ya yule mzee ni nyeusi na nyeupe, basi babu ameona alichokiona. Muulize kama hiyo TV haikuwa chogo ya mbao yenye milango, atacheka.

Na kuhusu kuipata huko Bagamoyo, mbona jirani! Kutoka mjini Unguja hadi Bagamoyo ni kama kilomita 45, hadi Dar ni sabini na kidogo. Mawimbi ya TV yanapenda kwenda moja kwa moja, kikwazo chake ni milima na majengo, na hapo katikati kuna nini? Maji matupu. Tena jioni za joto hewa ya juu ikiwa na joto kuliko ile inayogusa bahari, mawimbi yanajipinda yanafuata uso wa maji na kwenda mbali kuliko kawaida, ndo maana kuna siku picha inakuja safi kama umekaa Mnazi Mmoja na kesho yake chenga tupu wakati antena hujaigusa.

Waliokuwa Dar enzi hizo wanajua ile kazi. Mmoja yuko nje ameshika mlingoti wa boriti anauzungusha taratibu, mwingine yuko dirishani anapiga kelele "hapo hapo! aah umepitiliza, rudisha, rudisha kidogo", na ndani watu thelathini wanasubiri taarabu.

Hivi kweli Mwalimu alikataza TV Bara? Alikuwa anaogopa nini? – Dada wa Morogoro

Kwa kweli, dada, serikali ya Bara haikutaka stesheni na kuingiza seti kulizuiwa. Hoja yao: TV ni anasa ya watu wachache wa mjini, inakula fedha za kigeni, wakati mwananchi kijijini hana hata maji. Redio ni rahisi, inatumia betri, inafika shambani. Na usiidharau hoja hiyo, mwaka huo huo 1973 wenzetu wanafungua TV, Bara walikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Redio Tanzania, watu wanakaa kwenye vikundi wanasikiliza kipindi halafu wanachimba vyoo, wakafikiwa watu kama milioni 2. Nionyeshe TV ya leo iliyochimbisha watu vyoo.

Pale nisipokubaliana nao ni huko mbele, miaka ya 80, enzi za Mzee Ruksa (Rais Mwinyi) biashara imefunguliwa, deki za video zimejaa mitaani, kila kona kuna banda la kuonyesha filamu za karate, na bado nchi haina stesheni. Hapo ilikuwa ubishi tu. Sheria ya Huduma za Utangazaji ikaja 1993, 1994 wakaingia CTN, ITV ya Reginald Mengi na DTV ambayo baadaye ikawa Channel Ten. Angalia maajabu sasa, nchi nyingi TV ya serikali ndo inaanza halafu binafsi wanafuata miaka kibao baadaye, kwetu Bara binafsi walitangulia, Televisheni ya Taifa (TVT, hii TBC1 ya leo) ikaja kuelekea mwaka 2000.

Habari ya dakika mbili inatengenezwaje? Natamani kazi hiyo. – Kijana, Mbagala

Kikao asubuhi, mhariri anagawa kazi, gari moja waandishi watatu kila mmoja anaenda kwake. Unafika kwenye tukio mgeni rasmi hajafika, unasubiri masaa mawili. Mpigapicha anachukua picha za ukumbi, watu, mikono inayopiga makofi, hizo ndo zitakuokoa wakati wa kuhariri maana huwezi kuweka kichwa cha mheshimiwa dakika mbili nzima. Unarudi, unaandika, unasoma sauti, mhariri wa picha anapanga, na sekunde 20 unazozipenda zinakatwa. Saa 2 usiku msomaji anaonekana ametulia ila sikioni ana sauti inamwambia habari ya tatu haijaiva, ruka nenda ya nne.

Nikwambie ukweli lakini, kwenye stesheni za serikali mpangilio wa habari unafuata vyeo. Kiongozi mkubwa akikata utepe ndo habari ya kwanza, hata kama siku hiyo soko limeungua. Wenyewe wanajua, nenda hivyo hivyo.

Nchi moja, mbona mashirika mawili? TBC na ZBC? – Msomaji, Dodoma

Utangazaji haumo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Zanzibar wana tume yao ya utangazaji kwa sheria yao ya 1997, na 2013 TVZ ikaunganishwa na Sauti ya Tanzania Zanzibar, ile redio, likawa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Wazee wa Unguja bado wanasema TVZ na hakuna wa kuwabadilisha.

Kaka mhariri, mimi niko Chake Chake. Zamani TV ikisumbua inaleta chenga lakini unaona, siku hizi inaganda kabisa inagoma. Na stesheni wakati umeme umekatika inakuwaje? – Mama, Pemba

Mama yangu, nianze na umeme. Stesheni ina jenereta, mtazamaji hana, hapo ndo mwisho wa hadithi. Kumbuka wenzako wa Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme unaotoka Bara chini ya bahari uliharibika, kisiwa kizima giza karibu miezi 3. Unaweza kurusha picha nzuri kiasi gani hapo? Redio ya betri ikarudi kwenye kiti chake.

Sasa kuganda. Mfumo wa zamani wa analojia mawimbi yakipungua nguvu picha inaharibika kidogo kidogo, ndo zile chenga. Dijitali picha inasafiri ikiwa namba, king'amuzi kikipata namba za kutosha kinakupa picha safi, zikipungua chini ya kiwango zinaanza kutokea vile vibox box na kuganda, halafu kimya. Hakuna katikati. Walihama kwa sababu masafa yaliyokuwa yanabeba stesheni moja sasa yanabeba kumi na kitu. Dar mtambo wa analojia ulizimwa tarehe 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata kwa zamu 2013, na watu waliokuwa wananunua TV tu wakaambiwa wanunue na king'amuzi.

Kwa hiyo nijibu kwanza, chako ni cha dishi au cha antena? Kama ni dishi na kinaganda mvua kubwa ikinyesha, hiyo ni kawaida, masafa ya satelaiti ni ya juu sana na matone ya mvua yanayameza, mvua ikipita inarudi. Kama ni cha antena basi usiisingizie mvua, angalia waya pale unapoingia kwenye antena, upepo wa bahari wenye chumvi unakula shaba mpaka inakuwa kijani, kata hicho kipande, menya upya, kaza, elekeza antena kule ulipo mnara, halafu mwambie mtoto atafute chaneli upya kwenye menyu.