Mvua haijui Jumatatu: kwa mnaoanza utafiti wa majanga, tabianchi na utalii

Rasimu za mwaka huu zimeanza kufika, na kwa mara nyingine jedwali la mvua ndilo linalotuuma. Wadogo zetu, ramani zenu ni safi na mapitio ya maandishi yamesomeka, lakini mmetuletea kituo ambacho mvua zake kubwa karibu zote zimenyesha siku ya Jumatatu. Mawingu yanayopanda kutoka Bahari ya Hindi hayana wikendi. Jedwali likidai Jumatatu ndiyo siku ya mafuriko, basi kuna mtu ambaye hakuwa kazini Jumamosi na Jumapili, nanyi mapumziko yake mmeyaita badiliko la tabianchi.

Tunawaandikia kwa upendo, na kwa haraka pia, kwa sababu siku za kutetea mapendekezo zinakaribia na wengi wenu mtapanda gari kwenda Narok au Naivasha kabla hamjalifungua daftari hata moja.

1. Daftari kwanza, faili baadaye.

Hili tunalieleza kirefu kwa sababu ni kosa letu sisi tuliotangulia. Tuliwafundisha kupokea faili iliyokwisha kuchapwa na kuanza kukokotoa papo hapo, jinsi nasi tulivyofundishwa.

Kipimamvua cha mkono, kile mnachokikuta shuleni, misheni, shambani au nyuma ya jiko la loji, mara nyingi ni mkebe wa shaba wenye mdomo wa inchi 5, umesimama kama futi moja juu ya ardhi. Ndani mna chupa. Saa tatu asubuhi mhudumu huitoa chupa, humimina maji kwenye gilasi ya kupimia, huinama mpaka jicho lilingane na uso wa maji, husoma sehemu ya chini ya mbonyeo, kisha huandika mbele ya tarehe. Ni kazi ya dakika tatu. Ijumaa anaifanya halafu anakwenda nyumbani. Tuseme Ijumaa alasiri zinanyesha milimita 18, Jumamosi usiku 24, Jumapili jioni 21. Jumatatu saa tatu anakuta milimita 63 kwenye chupa. Anaandika 63 mbele ya Jumatatu, na zile tarehe mbili anazipiga kistari. Akiwa mwangalifu anazifunga zote tatu kwa mabano ili ijulikane kuwa amesoma jumla. Mtu huyo hajakosea chochote.

Kosa linazaliwa mezani, hapa Nairobi. Anayechapa hana mahali pa kuweka mabano kwenye Excel. Penye kistari anatia sifuri ili programu isikatae faili. Basi Jumamosi imekuwa kavu, Jumapili kavu, na Jumatatu ina milimita 63. Rx1day, ile mvua kubwa kuliko zote ya siku moja, imepanda kutoka 24 hadi 63. R95p, ile jumla ya mvua za siku kubwa zinazozidi asilimia 95 ya siku za mvua, imevimba. Siku za mvua zilikuwa 3, sasa ni 1. Rudieni hayo kila wikendi ya masika kwa miaka 30, hasa ikiwa kituo kilikuwa na mhudumu wa siku saba zamani na baadaye akabaki wa siku tano, mtapata mstari unaopanda vizuri kabisa. Chini yake mtaandika kwamba mvua zinapungua siku lakini zinazidi ukali. Sentensi hiyo kila mtu anaitarajia, kwa hiyo hakuna anayeishuku. Hapo ndipo tulipoumia. Jumla ya mwezi ilikuwa sahihi, SPI (kipimo cha ukame kinachotokana na jumla za mvua) ya miezi 3 ilikuwa sahihi, msimamizi akatazama hizo mbili akaridhika. Fundi wa loji akiichukua hiyo 63 kupimia mtaro, anapima kwa mvua ambayo haikunyesha. Na kwingine, ambako mhudumu alikuwa mgonjwa na chupa ikafurika, anapima kwa sifuri ya siku ambayo ilinyesha kweli. La pili ndilo linaloua.

Kukagua ni kazi ya dakika kumi. Ongeza safu ya siku ya wiki. Hesabu siku zenye milimita 1 au zaidi, siku moja moja ya wiki, kwa angalau miaka 10. Kila siku inapaswa kukaribia sehemu moja ya saba, yaani asilimia 14 hivi. Ukikuta Jumapili ina 5 na Jumatatu ina 25, omba kuliona daftari lenyewe. Kwa vituo vya shule, tazama Aprili: wanafunzi wakifunga shule kipimo nacho hufungwa, na Aprili ndicho kilele cha mvua ndefu.

Halafu heshimuni alama. Pengo si sifuri. TR ni mvua iliyoanguka ila haipimiki. -9999 ni data isiyopatikana, na moja tu ikiingia kwenye wastani inaubomoa mwezi mzima. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani wa 2017 unaruhusu jumla ya mwezi ikiwa siku zote zina data, au siku zilizokosekana zimo ndani ya kipimo cha jumla kilichosomwa baadaye. Kwa hiyo ile 63 ni halali kwa jumla ya mwezi. Kwa Rx1day, siku zote tatu ziandikwe kuwa hazina data, hata ile Jumatatu.

Tena ulizeni gilasi. Maji ya kipimamvua cha inchi 8 yakisomwa kwa gilasi ya inchi 5, mvua inaongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Gilasi huvunjika, na inayoletwa badala yake si lazima iwe ya mkebe ule.

2. Saa.

Siku ya kituo huanza saa tatu asubuhi na kuisha saa tatu ya kesho. Siku ya ERA5, ile data ya hali ya hewa ya dunia nzima inayotengenezwa kwa modeli, huanza saa sita usiku kwa saa za dunia, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Mkizilinganisha tarehe kwa tarehe mtasema modeli haijui kitu, kumbe mnalinganisha siku mbili tofauti. Wapo pia wanaoandika mvua kwenye tarehe ya kusoma, na wapo wanaoirudisha jana yake. Mafuriko ya Mto Talek yaliyozifagia kambi za Maasai Mara yalitokea usiku wa kuamkia 1 Mei 2024. Mvua iliyosomwa asubuhi hiyo ni ya Aprili au ya Mei? Jibu linabadilisha chati ya miezi miwili.

Na kwenye hojaji mambo ni mabaya zaidi. Mama anasema maji yaliingia saa nane usiku. Msaidizi wako, kishikwambi chake kikiwa cha Kiingereza, anabonyeza 8, anachagua usiku, anasonga mbele. Maji yaliyokuja watu wakiwa usingizini yanakuwa maji yaliyokuja wakila chakula cha jioni, na sura nzima ya onyo la mapema inakwenda kombo. Zoezeni wasaidizi kuandika kwanza maneno ya msemaji kama yalivyo, kisha kugeuza: saa nane usiku ni 02:00. Kwa miaka ya nyuma, acheni kuuliza “miaka mingapi iliyopita”. Tengenezeni kalenda ya matukio: ukame wa 1984, El Niño ya 1997/98, ukame wa 2009, chaguzi, na matukio ya kijiji chenyewe.

3. Datamu ya Arc 1960.

Datamu ni msingi ambao koordineti za ramani huhesabiwa kutoka kwake. Ramani za zamani za Kenya za 1:50,000 ziko kwenye Arc 1960. GPS yenu iko kwenye datamu nyingine, WGS84. Ukichukua koordineti kutoka kwenye karatasi ukaziweka kama za WGS84 bila kuzigeuza, nukta inasogea karibu mita 300 kaskazini na karibu mita 90 magharibi. Serikali ilipoamuru watu wahame kingo za mito ya Nairobi mwaka 2024, umbali uliotajwa ulikuwa mita 30. Yaani kosa lenu ni mara kumi ya kipimo chenyewe: kambi iliyo ndani ya maji mnaipandisha mlimani, na mnaimaliza hatari kwa kubonyeza kitufe.

Kuna na ukanda wa UTM, mfumo wa koordineti unaoigawa dunia vipande vyenye namba. Nairobi iko 37 Kusini. Mara iko magharibi ya nyuzi 36, kwa hiyo ni 36 Kusini. Mkifika Nanyuki mnavuka ikweta, na namba za kaskazini zinaruka kwa milioni kumi. Kabla ya kazi yoyote, chukueni daraja au njia panda moja mnayoijua, iwekeni juu ya picha ya satelaiti, mtazame kama imekaa barabarani. Isipokaa, msiendelee.

4. Mvua inayoua yaweza isinyeshe ulipo.

Kwenye korongo la Hell's Gate, Aprili 2012, maji ya ghafla yaliua vijana 7 waliokwenda na kundi la kanisa. Septemba 2019 yakaua watu 7 tena. Kuta za korongo ni nyembamba na zimesimama wima. Mvua inanyesha juu huko, maji yanakusanyika, na yanamfikia mtalii aliyesimama kwenye mchanga mkavu. Bado tunapokea mapendekezo yanayochukua kituo kilicho karibu na lango la hifadhi kwa sababu tu ndicho cha karibu. Choreni kwanza mpaka wa eneo lote linalomwaga maji yake kwenye korongo. Kipimo kilicho nje ya mpaka huo hakijibu swali lenu, hata kikiwa mita mia mbili kutoka mlipolala. CHIRPS, data ya mvua inayokadiriwa kwa satelaiti na vituo, itawasaidia, ina data tangu 1981, lakini chembe yake, yaani mraba wake mmoja, ni kama kilomita 5.5 na mvua yake ya kila siku imegawanywa kutoka kwenye jumla za siku tano. Kwa ukame ni hazina. Kwa wingu moja la alasiri msiipe mzigo isioweza kuubeba.

5. Majina ya majanga.

Mai Mahiu, 29 Aprili 2024, taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kuwa maji yalikuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli, njia yao ya chini ikiwa imezibwa na takataka. Solai, Mei 2018, lilikuwa bwawa kweli. Msiyaweke kwenye safu moja: la kwanza linataka mtu wa kuzibua kalavati kabla ya masika, la pili linataka mkaguzi wa mabwawa.

Na EM-DAT, hifadhidata ya majanga ya dunia, haipokei tukio mpaka lifikishe vifo 10, au walioathirika 100, au itangazwe hali ya hatari, au msaada wa nje uombwe. Nyumba sita za Mathare hazimo.

6. Picha za satelaiti: wakati wa mvua tumieni rada ya Sentinel-1, kwa kuwa Sentinel-2, inayopiga picha za kawaida, itawaletea mawingu. Lakini tangu Sentinel-1B ilipoharibika Desemba 2021, na mpaka ile iliyofuata iliporushwa Desemba 2024, satelaiti iliyobaki ilikuwa ikirudi mahali pale pale kila baada ya siku 12. Mto wa Mara hufurika na kushuka ndani ya saa chache. Ramani isiyo na maji ya siku hizo haithibitishi kitu.

7. Vibali. Idhini ya maadili kwanza, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, baada yake. Hifadhi za taifa ni za KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), Maasai Mara ni ya Kaunti ya Narok, na hifadhi za jamii kama Naboisho na Olare Motorogi ziko juu ya ardhi ya watu wenyewe. Barua moja haifungui malango matatu.

8. Kambi mtakazozikuta ni zile zilizobaki.

Utalii endelevu mnaupima kwa hojaji kwa mameneja: taa za jua, chupa za plastiki, ajira kwa wenyeji. Orodha mnaipata mtandaoni, mnapiga simu, wanaopokea ndio sampuli yenu. Kambi iliyofagiwa haipokei simu. Kwa hiyo kila mwaka mafuriko yanapita na utafiti unakuta kambi “zinazostahimili” zaidi, kwa kuwa dhaifu zimetoka kwenye orodha. Tafuteni orodha ya kabla ya tukio, hesabuni vitanda vyake vyote, na kila kambi iliyotoweka ibaki kwenye jedwali ikiwa na sababu yake: imehama, imefungwa, imebadilisha jina, haijulikani.

Hivyo hivyo kwa wanyama. Wizara iliyoshughulikia utalii ilipotoa hesabu ya ukame Novemba 2022, ilitaja ndovu 205, nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381, nyati 51, pundamilia wa Grevy 49 na twiga 12 waliokufa tangu Februari hadi Oktoba. Hiyo ni mizoga iliyoonekana. Fisi hula, na pori ni kubwa. Andikeni “angalau”.

Watalii wahojini wanapotoka, si wanapoingia; anayesubiri kulipa langoni Sekenani hajaona kitu. Msiende Julai hadi Oktoba peke yake, kwani huo ni msimu wa nyumbu na kila mtu ana kazi. Rudini Mei. Kaeni senta ya Talek siku nne. Asubuhi, kwenye vibanda vya chai, mtawakuta wapishi, walinzi na wasafisha mahema walioambiwa warudi nyumbani maji yalipoingia. Waulizeni walilipwa mpaka tarehe ngapi, nani aliwapigia simu kuwaita tena, na maji yalifika wapi kwenye nguzo ya hema. Bebeni futi ya fundi: nguzo nyingine bado zina alama ya tope. Pimeni kutoka ardhini hadi alama, mpige picha futi ikiwa imesimama kando yake, na muandike koordineti hapo hapo pamoja na jina la datamu.