Tramu nambari 11 mpaka inapoishia

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenikuta na kadi ya usafiri mkononi. Mmeuliza: "Joto likiingia hapo unapoishi, unatoka kwenda wapi, na mgeni akija ungemtembeza wapi bila kumkausha mfuko?" Mimi naishi Göteborg, mji wa bandari magharibi mwa Uswidi. Jibu fupi: napanda tramu nambari 11 mpaka inapoishia. Jibu refu ni hili, na mtanivumilia kwa sababu mimi mtu wa Tanga na nikianza habari za bahari sijui kukatisha.

Tramu hiyo inaanzia kwetu, Bergsjön, juu kwenye miamba na misonobari kaskazini-mashariki mwa mji. Aliyetaja mitaa ya huku sijui alikuwa anatazama nini usiku huo, maana yote ni mambo ya angani: kituo cha kwanza kinaitwa Komettorget, yaani uwanja wa nyotamkia, kuna uwanja wa anga za juu, na kuna mtaa wa darubini. Chini ya nyota hizo zote ndiko tulikojazana wageni. Ukisimama kituoni jioni hukosi kusikia Kisomali, Kiarabu, na Kiswahili cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa. Mwisho wa njia, karibu saa nzima baadaye, ni Saltholmen, ufukweni, kupitia Långedrag kwenye nyumba za wenye nazo. Tramu ni ile ile, nauli ile ile. Ninachopenda kutazama ni mizigo. Tukiondoka Bergsjön sakafuni kuna mifuko ya viazi na mchele na magari ya watoto. Tukipita Brunnsparken katikati ya mji, mifuko inashuka. Tukifika Mariaplan, sakafuni kumebaki taulo, ndoo za watoto na mbwa mmoja aliyelala miguuni pa mtu asiyemjua.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Kisheria kila mwajiriwa hapa ana siku 25 za likizo kwa mwaka, na watu wengi wanaziangushia Julai. Basi Julai mji unakuwa kama shule iliyofungwa. Vibanda vimebandikwa karatasi mlangoni, mwenyewe yuko likizo mpaka Agosti, na hapo ndipo sisi tunapoitwa kuziba mapengo. Mwanzoni nililalamika. Wenzangu wako visiwani wanaanika miguu, mimi niko korido nasukuma kigari cha chai. Lakini zamu ya asubuhi inaisha saa tisa, na katikati ya Juni jua la hapa linazama saa nne na robo usiku. Hesabu mwenyewe. Nikimaliza kazi bado nina siku nyingine nzima mbele yangu.

Lakini mimi na jua hilo tulianza vibaya. Nilifika mwaka 2016 mwezi wa Mei, na wiki chache baadaye Ramadhani ikaingia, Juni ile ile yenye mchana mrefu kuliko yote. Nilikuwa nakaa dirishani na tende kiganjani, namtazama bwana jua juu ya miti, hana haraka kabisa. Jirani yangu Mswidi anamwagilia maua saa tatu na nusu usiku akiwa amevaa miwani ya jua. Binti yangu mpaka leo nikimwambia akalale ananionyesha dirisha: "Mama, hata magharibi bado." Na kweli bado. Tumenunua mapazia meusi mazito, tunajitengenezea usiku wetu ndani.

Nirudi kwenye tramu. Ukiipanda mwanzoni mwa Juni, utaiona imesimama katikati ya mji kwa sababu njia imezibwa na malori. Vijana waliomaliza sekondari wanapakiwa juu ya malori yaliyopambwa kwa matawi ya mti wa betula na mashuka yaliyoandikwa maneno, kofia nyeupe kichwani, muziki mpaka vioo vinatetema, wanazungushwa mjini wakipiga kelele. Mara ya kwanza nilidhani ni kampeni za uchaguzi. Nikangoja kuona nani anagawa fulana.

Julai wanaingia watoto wa mpira. Kuna mashindano ya vijana yanaitwa Gothia Cup, yapo tangu 1975, na wiki hiyo tramu inajaa jezi za kila nchi. Mwaka mmoja walikaa nyuma yangu wavulana watatu kutoka Kenya, wanajadili mtandio wangu na mfuko wangu wa samaki kwa Kiswahili, kwa raha zao. Niliwaacha vituo viwili. Kisha nikageuka nikawaambia, "Samaki ni wa kukaanga, wanangu, na mnakaribishwa." Mmoja alitaka kuingia chini ya kiti. Mwenzake akasema, "Shikamoo mama," kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na mwalimu.

Mgeni wako atakuuliza habari za Liseberg, bustani ya michezo iliyofunguliwa 1923, na za vile viboti bapa vya Paddan vinavyopita kwenye mfereji chini ya madaraja. Kote nimekwenda. Kwenye viboti kuna daraja moja la chini sana ambalo wenyewe wamelibatiza kipande cha kuparia jibini, mnashuka kwenye viti mnachuchumaa sakafuni, na hapo nilicheka kweli. Liseberg ukiwa na watoto watatu jiandae kutoka mfuko mtupu. Watoto wakidai wanyama, wapeleke Slottsskogen: ni mbuga ya miti ndani ya mji, hawatozi kitu mlangoni, kuna sili, pengwini, na elki, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi na uso wa mtu aliyechoka na maswali. Inatosha.

Mimi nakwenda Saltholmen.

Hapo tramu inagomea, na hatua chache mbele ni gati. Boti za visiwani zinapokea kadi ile ile ya tramu, kwa hiyo kadi ya mwezi inayonipeleka kazini ndiyo inayonivusha baharini. Visiwa ni vya miamba ya kijivu isiyo na miti mingi, laini kama mgongo wa kiboko: Asperö, Brännö, Styrsö, Donsö, na Vrångö kule kusini. Magari ya binafsi hakuna. Wenyeji wanabeba friji, saruji na bibi zao kwa vipikipiki vyenye sanduku la mizigo mbele, na mtu wa Tanga akiviona atasema maguta haya yamefikaje huku. Alhamisi za kiangazi watu wa Brännö hucheza dansi juu ya gati, wazee kwa vijana, viatu vinagonga mbao. Mimi hukaa pembeni na chupa yangu ya chai ya tangawizi.

Siku ya kwanza nilipofika kwenye miamba hiyo nilifanya kituko ambacho mtu wa pwani atanielewa. Kwetu Raskazoni kabla hujaoga unauliza kwanza habari za maji: yanajaa au yanakupwa? Siku za bamvua yanatoka mpaka unaokota kome kwa mkono. Basi nikakaa juu ya jiwe na ndoo, nikingoja yatoke. Nikangoja saa mbili, tatu. Yakasogea kama shubiri moja, yakasimama. Nikamuuliza mama mmoja kwa Kiswidi changu cha kuvunjika, bahari inaondoka saa ngapi? Akaniangalia kwa huruma. Bahari ya hapa haiondoki. Kupwa na kujaa kwake ni hiyo shubiri tu, na upepo na mgandamizo wa hewa unaisukuma kuliko mwezi unavyoivuta. Kwa hiyo huingii kwa kutembea mchangani, unashuka kwa ngazi ya chuma iliyopigwa kwenye mwamba, kama unaingia kisimani.

Na ni baridi kama kisima. Maji yakifika nyuzi 20 Waswidi wanapigiana simu. Pale pa kuogelea kuna ubao ulioandikwa joto la maji kwa chaki, na salamu ya wanaotoka majini kwa wanaoingia ni hiyo namba. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimeshashuka hadi kiunoni, najisifu, watu wakapiga kelele neno ambalo sikuwa nimefundishwa darasani: brännmanet! Ni konyeza, yule mdudu wa baharini laini kama jeli, mwekundu mwenye nyuzi ndefu kama nywele zilizofumuliwa. Aliniparaza mkono kuanzia kiwiko mpaka kifundo, nikaungua kama niliyemwagiwa mafuta ya kaangio. Bibi mmoja mwenye kofia ya mpira alinizuia nisioshe kwa maji ya chupa. Maji ya bahari, akasema, akanimiminia yeye mwenyewe. Yule mwingine, mweupe angavu mwenye duara nne ndani, hana neno. Watoto wanamshika wanamweka begani.

Mafundi wa mambo haya ni wazee wangu wa kazini. Kuna mmoja alikuwa mchomeleaji wa meli enzi mji huu ukiunda meli, kabla viwanda havijafungwa miaka ya 1970 na 1980. Winchi kubwa ya Eriksberg, ile ya rangi ya machungwa inayoonekana ng'ambo ya mto, bado imesimama, na huizungumzia kama mtu anavyozungumzia ng'ombe aliyeuzwa. Huku kila mtu anaitwa jina lake la kwanza, hata daktari, hata waziri. Mimi mdomo ulinigomea, nikamwita Mzee. Akataka kujua maana yake. Nikamweleza. Siku ya pili alimkatalia mwenzangu jina lake: "Mimi ni Mzee."

Huyo ndiye aliyenifundisha kaa. Unachukua uzi, unafunga kibanio cha nguo cha mbao na kijiwe cha kuzamishia. Kome unambandua mwambani, unampasua kwa jiwe, unabana ile nyama ya rangi ya chungwa. Unashusha kando ya gati mpaka uzi ulegee. Kaa wadogo wa kijani wanatoka kwenye mwani kama wameitwa harusini. Siri yake, alisema Mzee, ni kutovuta kwa pupa: kaa halijui kuachia chakula, ila ukimshtua juu ya maji anajikumbuka. Binti yangu anavuta uzi kidole kwa kidole, ulimi nje, kaa ananing'inia kwa gando moja, anapinduka, mguu wa nyuma unatafuta pa kukanyaga hewani. Ndoo. Mlio mdogo, tak.

Wakijaa ndoo, watoto wanachora mstari kwenye mwamba, wanawamwaga, wanashindanisha nani atafika majini kwanza. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimeshawaza nazi na pilipili. Nikauliza, mnawarudisha wote? Wote. Nikamfikiria mama yangu kule Chuda angesema nini akiona kaa arobaini wanapewa ruhusa.

Basi mgeni wangu ningemleta hapa. Tungepitia mjini kununua kamba waliochemshwa melini, wa kumenya kwa mkono, mkate na ndimu, tukakaa juu ya mwamba unaotunza joto la mchana. Ningemwonya habari ya shakwe, maana hao hawaogopi mtu: mwaka jana mmoja alimpokonya mume wangu mkate mdomoni, si mkononi, mdomoni. Kisha tungetazama meli ya Denmark ikipita, kubwa kama mtaa, na boti za tanga zikiipisha. Kwenye mlango huu huu wa bandari ndiko ilikozama merikebu Götheborg mwaka 1745, imetoka Uchina na chai na vyombo vya kaure, safari ya miaka miwili na zaidi, nyumbani panaonekana kwa macho.

Tanga wanasema waja leo waondoka leo, na kiangazi cha huku ni mgeni wa namna hiyo. Mwisho wa Agosti saa mbili na nusu usiku jua limeshazama, boti zinapungua, na ubao wa chaki unafutwa. Mgeni akitaka kuja aje Juni au Julai, na sweta achukue. Boti ya kurudi ina upepo.

Mama Nasra, Göteborg